Kumhudumia Mtu Aliyebadili Jinsia: Mwongozo kwa Watumishi wa Afya wa Kigoma, Ujiji na Mwambao wa Tanganyika

Mwongozo huu ni wa karani wa mapokezi, muuguzi, tabibu, mteknolojia wa maabara, mfamasia na muuzaji wa duka la dawa muhimu. Unamhusu anayefanya kazi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, na unamhusu vilevile aliye zahanati ya kijiji cha ziwani, ambako mtumishi huyohuyo ndiye anayeandikisha, anayepima na anayegawa dawa.

Wanaozungumziwa ni watu wazima ambao jinsia wanayoiishi si ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Yumo mwanamke aliyelelewa kama mvulana, mwanamume aliyelelewa kama binti, na yule asiyejiona kuwa mwanamume wala mwanamke. Baadhi yao hujiita transijenda. Wengine hawana jina lolote la hali yao, wanajua tu kwamba ndivyo walivyo. Si wengi, na walio wengi hawatakwambia. Wanakuja kwako kwa malaria, kwa kidonda, kwa ajali ya bodaboda, kwa dawa za kufubaza virusi vya ukimwi, kwa mimba.

Jambo ambalo ningependa kila mtumishi alishike ni hili: sehemu kubwa ya safari ya kubadili jinsia haipiti hospitalini kabisa. Inapita katika jina analoitwa mtu, nguo anazovaa, namna jirani anavyomsalimu, choo anachoingia, mstari anaopanga. Wapo watakaotumia homoni, wapo wasiozitaka. Wengi hawatafanyiwa upasuaji maisha yao yote, na hawajapungukiwa kitu kwa hilo. Kwa hiyo wewe wa dirishani, uliyedhani suala hili ni la madaktari bingwa wa Dar es Salaam au la nchi za mbali, tayari umo ndani yake. Unavyomwita ni sehemu ya tiba, na unaweza kuiharibu kabla daktari hajamwona.

Dirishani

Tuseme amefika mtu kutoka mwalo wa Kibirizi. Wenzake wanamjua kama mwanamume. Usiku wa giza anaingia nao ziwani kuvua dagaa, asubuhi anashusha mzigo. Kitambulisho chake cha NIDA kina jina la kike. Karani, bila nia mbaya yoyote, anapaza sauti na kulisoma jina hilo mbele ya benchi lililojaa wachuuzi wa dagaa wanaomfahamu. Mgonjwa anasita kusimama. Karani analirudia kwa sauti kubwa zaidi, watu wanageuka. Hapo hakuna aliyetukana na hakuna aliyepiga mtu, lakini kesho yake habari iko mwaloni, na keshokutwa mtu huyo hana nafasi kwenye chombo. Homa iliyomleta ataimalizia nyumbani kwa dawa za kuokoteza.

Dawa ya hali hii ni rahisi na haigharimu shilingi. Waite wateja wote, bila kubagua, kwa namba ya foleni au kwa jina la ukoo peke yake. Ukifanya hivyo kwa kila mtu, hakuna anayejitokeza kuwa tofauti. Na unapozungumza na mteja, jihadhari na ule mwito wa mwanzo unaotutoka bila kufikiri: kaka, dada, mama, baba. Kama huna hakika, "ndugu" inatosha na ina heshima zake, na kwa aliyekuzidi umri "shikamoo" haimuulizi mtu jinsia.

Mkiwa wawili, mahali ambapo hamsikiki, uliza mambo matatu. Nikuiteje hapa? Nikuiteje mbele ya uliokuja nao? Na nikipiga simu akapokea mtu mwingine, nijitambulishe vipi na nimtaje nani? Swali la pili na la tatu husahauliwa, na hayo ndiyo yenye hatari. Mtu anaweza kuwa mwanamume mwaloni Katonga na bado ni binti nyumbani kwao Kasulu. Mama mzazi au shangazi aliyemsindikiza huenda hajui lolote. Ukimwita kwa jina la mwaloni mbele ya shangazi, kwa nia njema kabisa, unaweza kumkosesha mahali pa kulala usiku huohuo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayefuatilia walioacha dawa, naye apewe maelekezo haya kabla hajabisha hodi Buzebazeba au Kitongoni.

Kitabu cha MTUHA kina safu ya jinsi yenye Me na Ke tu, na wewe huna mamlaka ya kuongeza ya tatu. Muulize mteja aandikwe wapi. Kama ni mwanachama wa bima, fomu ya madai itabidi ifuate kadi. Mweleze hivyo waziwazi, ili ajue kwamba ni karatasi inayokulazimisha, na kwamba wewe umemwelewa. Hapo ndipo asiyejiona mwanamume wala mwanamke huumia kuliko wengine, maana hata safu ya pili si yake. Usimlazimishe kuchagua mbele ya watu na usimwulize "hasa wewe ni nani?" Mara nyingi hahitaji zaidi ya kusikia kwamba umeelewa kuwa safu hizo mbili hazimtoshi.

Yanayochanganywa

Wengi wetu tunayachanganya mambo matatu. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile ya kijinsia yasiyofuata mpangilio wa kawaida wa kiume au wa kike. Kenya iliwahesabu kwa mara ya kwanza katika sensa ya 2019 na kupata watu 1,524. Mtu aliyebadili jinsia kwa kawaida hana tofauti yoyote ya maumbile. Kisicholingana ni anavyojijua na alivyoandikwa. Na nani anampenda nani ni suala la tatu kabisa, ambalo halitokani na hayo mawili na ambalo kwa kawaida halina nafasi kwenye mazungumzo ya kutibu kikohozi.

Shirika la Afya Duniani lilipopitisha toleo la 11 la Ainisho la Kimataifa la Magonjwa mwezi Mei 2019, ambalo lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022, liliitoa hali hii kwenye sura ya magonjwa ya akili na kuiweka kwenye masuala ya afya ya kujamiiana. Kwa mtumishi wa Kigoma maana yake ni kwamba usimwandikie mtu rufaa ya kliniki ya akili kwa sababu tu ya jinsia yake. Sonona, kukosa usingizi na mawazo ya kujidhuru huja, na huja sana, kwa mtu aliyefukuzwa nyumbani au anayeishi kwa kujificha; hayo yatibu kama unavyoyatibu kwa mwingine yeyote.

Wapo watumishi ambao dini inawasumbua katika hili, na sitaki kuwapuuza. Imani yako ni yako na hakuna anayekuomba uiweke kando. Itafaa kukumbuka kwamba wanazuoni wa fikhi wamejadili hukumu za huntha kwa karne nyingi, na kwamba Iran, dola ya Kiislamu, imeruhusu matibabu ya kubadili jinsia tangu miaka ya 1980 kwa fatwa ya Ayatollah Khomeini. Lakini hata asiyekubaliana na hayo yote ana wajibu uleule: mgonjwa amekuja kutibiwa, hakuja kusikia mahubiri, na asipelekwe kwenye maombi wala kwa mganga ili "arudishwe".

Dawa anazojinunulia

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapokufa bila sababu.

Pasipo na daktari wa kumsimamia, mtu hujitibu. Muuzaji wa duka la dawa atamwona mteja anayenunua pakiti tatu au nne za vidonge vya majira kwa mwezi, ilhali hana mke wala hana mimba ya kuzuia. Usimfukuze, na usimuuzie kimyakimya. Vidonge hivyo vina ethinylestradiol, aina ya estrojeni ambayo miongozo ya kimataifa haiitaki kabisa kwa kazi hii, kwa sababu huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, na hatari hupanda dozi inaporundikwa. Inayopendekezwa ni estradiol. Mweleze pia ukweli ambao huenda hajaambiwa na yeyote: kumeza vidonge vingi hakuharakishi mabadiliko. Matiti huanza kuota baada ya miezi 3 hadi 6 na huchukua miaka 2 hadi 3 kufikia mwisho wake. Sauti iliyokwisha kuvunjika haitapanda kwa estrojeni.

Mfundishe dalili za hatari kwa maneno anayoweza kuyakumbuka: mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kuchoma, pumzi kukata ghafla, upande mmoja wa mwili kufa ganzi. Hiyo ni dharura, asisubiri asubuhi. Anayevuta sigara yuko hatarini zaidi. Na watu wetu husafiri mwendo mrefu: reli ya kati kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na basi ni hivyohivyo. Anayetumia estrojeni asikae kitako safari nzima. Anyanyuke, atembee behewani, anywe maji.

Wengine huongeza spironolactone, dawa ya presha inayopunguza nguvu ya homoni ya kiume. Hushusha presha, hukojoza sana na hupandisha kiwango cha potasiamu kwenye damu. Mtu anayeshinda juani akianika dagaa mchangani atapungukiwa maji na kuanguka. Pima presha, na palipo na uwezo pima potasiamu na figo.

Testosteroni huja kwa sindano. Hedhi kwa kawaida hukoma ndani ya miezi 6. Sauti huwa nzito, ndevu huota, na hayo mawili hayarudi nyuma hata dawa ikiachwa, kwa hiyo aambiwe kabla hajaanza. Huongeza wingi wa chembe nyekundu mpaka damu ikawa nzito kupita kiasi, ndiyo maana himoglobini ipimwe takriban kila miezi 3 katika mwaka wa kwanza. Asichangie sindano na mtu. Na hili lisemwe bila kuzungusha: testosteroni haizuii mimba. Mtu mwenye mfuko wa uzazi anayelala na mwanamume anaweza kushika mimba hata kama hajaona hedhi miezi mingi, na testosteroni ina madhara kwa mtoto aliye tumboni. Sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango haina estrojeni, inamfaa, na mara nyingi humsaidia hata kukata hedhi inayomtesa moyo.

Walio kwenye kliniki ya tiba na matunzo wanahitaji neno lao. Katika nchi nyingi imeonekana kwamba mtu akihofia dawa za kufubaza virusi zitagongana na homoni, huacha za kufubaza na kubaki na homoni. Mtoe hofu: dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge kinachotumika sasa, haina mgongano wa maana na estradiol wala testosteroni. Efavirenz hushusha kiwango cha estradiol mwilini. Rifampicin, kwa anayetibiwa kifua kikuu, hushusha zaidi. Ajue kwamba mabadiliko yatapungua kwa muda, asije akaacha dawa za kifua kikuu au akajiongezea homoni kienyeji.

Usimwahidi mtu homoni au upasuaji ambao kituo chako hakina. Usimwamuru aache ghafla kila kitu pia, isipokuwa kuna dalili za damu kuganda. Ukimwamuru ataacha kuja, hataacha kumeza. Pima unachoweza kupima, andika, kisha mkutanishe na daktari wa Maweni au, ikilazimu, na daktari bingwa Bugando, Mwanza. Kuhusu mafuta au silikoni ya kuchoma kwenye makalio na kifuani, msimamo ni mmoja: kamwe.

Kuna na wanaofunga kifua kwa bendeji ili kisionekane. Bendeji hukaza kadiri mtu anavyopumua, huumiza mbavu na kubana mapafu. Afadhali fulana ya kubana au sidiria ya michezo, isizidi saa 8 kwa siku, asilale nayo, na asivute wavu nayo. Aliyefungwa kifua akianguka majini usiku hana pumzi ya kumfikisha kwenye chombo.

Kumpima

Omba ruhusa kabla ya kumgusa, eleza unachotafuta na kwa nini, na uishie hapo. Mtu aliyekuja na malaria anahitaji kipimo cha malaria; hana haja ya kuvua nguo ili wanafunzi watatu waje kutazama. Udadisi wa kitabibu hauna nafasi pale ambapo hautibu kitu.

Kinachohitaji uangalizi ni kiungo alichonacho mtu, vyovyote alivyoandikwa kitabuni. Mwanamume mwenye mlango wa kizazi anahitaji kuchunguzwa saratani ya mlango wa kizazi, na asipangwe kwenye benchi la wajawazito siku ya kliniki. Mpe saa ya mwisho, mlango wa nyuma kama upo. Mwanamke mwenye tezi dume anaweza kuugua tezi dume. Maabara nao wakumbuke kwamba kipimo cha chini cha kawaida cha himoglobini ni gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume na 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, na kwamba kwa mtu anayetumia testosteroni kwa miezi kadhaa kipimo cha kufuata ni cha kiume, hata kama fomu imeandikwa Ke. Mteknolojia asiyeambiwa atatoa majibu yenye makosa.

Kuhusu wodi, kubaliana na mgonjwa mwenyewe. Chumba cha pembeni kikiwepo, mpe.

Siri na sheria

Watumishi huniuliza: nikimhudumia mtu huyu, navunja sheria? Hapana. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinahusu tendo la kujamiiana lililo kinyume cha maumbile, na adhabu yake ni nzito, kifungo kisichopungua miaka 30 na kinachoweza kufika maisha. Hakuna kifungu cha Kanuni hiyo kinachomtaja mtu aliyebadili jinsia, na hakuna kinachomfanya muuguzi aliyefunga kidonda kuwa mhalifu. Ni kweli pia kwamba Tanzania haina utaratibu wa kisheria wa kubadili jinsi kwenye kitambulisho. Jina linaweza kubadilishwa kwa hati iliyoapiwa mbele ya wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Mteja akikuuliza, mwelekeze huko.

Hofu tuliyonayo ina historia. Februari 2017 serikali ilisitisha huduma za ukimwi za makundi maalumu katika vituo 40, na mwaka uliofuata yakatangazwa mbele ya vyombo vya habari makusudio ya kuwasaka Dar es Salaam watu wanaodhaniwa kuwa na mahusiano ya jinsia moja, hatua ambayo serikali kuu ilijitenga nayo. Ripoti za Human Rights Watch za Juni 2013, iliyoandaliwa pamoja na shirika la Kitanzania la WASO, na ya Februari 2020 zimeandika ushuhuda wa watu waliochekwa, kukaripiwa na kurudishwa bila dawa. Huduma zile zilipositishwa, walioelekezwa kwenye hospitali na zahanati za umma walielekezwa kwako. Hakuna mwingine.

Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu. Hivyo hakuna kumpiga mtu picha, hakuna kumsimulia kwenye kundi la WhatsApp la watumishi, hakuna kumnong'oneza jirani sokoni Mwanga. Ujiji ni mji wa watu wanaojuana tangu mababu. Jina si lazima litajwe ndipo mtu atambulike. Askari akija kutaka faili, mpeleke kwa Mganga Mfawidhi, naye adai amri halali kwa maandishi. Na daktari akiletewa mtu ili ampime kwa nguvu sehemu ya haja kubwa "kuthibitisha" tabia, akatae. Kipimo hicho hakithibitishi chochote kitabibu. Chama cha Madaktari Duniani kilikilaani Oktoba 2017, na kumfanyia mtu bila hiari yake ni mateso.

Wapo pia waliovuka ziwa kutoka Uvira, Baraka na Kalemie, au waliotoka Burundi, ambako tangu 2009 sheria inaadhibu mahusiano ya jinsia moja, na sasa wako kambini Nyarugusu. Mkimbizi wa aina hii anaweza kuwa anawakimbia hata wenzake wa kambini. Usimtafute mkalimani wa kambi moja naye kabla hujamuuliza yeye.

Mwenzako kazini

Huenda anayebadili jinsia si mteja, ni muuguzi mliyepangwa zamu moja. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kazini kwa misingi kadhaa, na kinataja jinsi na jinsia kila kimoja peke yake. Unyanyasaji nao ni ubaguzi. Aliyeachishwa kazi na mwajiri binafsi ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mkuu wa kituo asitumie vyeti vyenye jina la zamani kuwa kisingizio: nchini Kenya Audrey Mbugua alihangaika miaka mingi na cheti cha sekondari kisichofanana naye, mpaka Oktoba 2014 Mahakama Kuu ilipoliamuru Baraza la Mitihani limpe kipya chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsi.

Barua ya rufaa

Unapompeleka mbele, andika tatizo lililomleta kwanza, dawa anazotumia na dozi zake, viungo vinavyohusika na tatizo hilo, na jina analotaka kuitwa akifika. Jinsia yake itajwe pale tu inapohitajika kwa tiba, na kwa lugha ambayo usingeona haya kumsomea. Kisha msomee, au mpe aisome mwenyewe, kabla hujaifunga bahasha. Akitaka neno liondolewe na halina kazi ya kitabibu, liondoe, uandike upya. Mwandikie pia namba ya simu ya mtu mmoja unayemwamini huko aendako, umpigie ukiwa naye hapohapo, ili akishuka kwenye gari ajue ni dirisha gani la kwenda na ni nani wa kumuulizia.